Kompyuta Iliyopuliziwa Salfa

Mjomba wangu hakuwa na ugomvi na kompyuta. Ugomvi wake ulikuwa na mahali ilipokaa: mjini Nachingwea, kwenye chumba cha kupanga, pamoja na mimi, wakati mikorosho ya ukoo iko Naipingo na mimi nina mikono miwili mizima. Na kwetu mjomba ndiye mwenye neno. Baba atakulisha, atakusomesha, atakununulia viatu vya Idi, lakini ukifika wakati wa kuamua utaishi wapi na utaolewa na nani, baba anakohoa kidogo na kumtazama kaka wa mama yako.

Kaka wa mama yangu alikwisha kuamua, ila kwa kuwa alinipenda alinipa msimu mmoja.

"Chapa hayo makaratasi yako," aliniambia. "Korosho zikianza kudondoka, nitakuja. Nikikuta mashine inakulisha, vema. Nikikuta wewe ndiye unayeilisha mashine, tunafunga mizigo, unakuja kuokota."

Nikamjibu, "Sawa, mjomba," kwa sauti ya mtoto aliyelelewa. Moyoni nilikuwa nachemka. Kuokota korosho si kazi mbaya kwa mtu aliyeumbwa kuinama. Mimi sikuumbwa kuinama, na wote waliowahi kugombana nami watakubali.

Kompyuta yenyewe niliipata kwenye ofisi ya mradi mmoja nilikokuwa karani. Mradi ulipokwisha, mabosi wakapakia magari na viti vya kuzunguka, nami wakaniachia kompyuta iliyokuwa pembeni karibu na choo, pamoja na printa yake, wakasema ni asante. Ilikuwa mashine ya miaka ya tisini, boksi limegeuka rangi ya meno ya mvuta tumbaku, feni inanguruma. Niliwasha, nikaenda kuteka maji bombani, nikapanga foleni, nikagombana na mwenye ndoo kubwa, nikarudi, na yenyewe bado inajifikiria. Hata hivyo ilichapa barua za kuomba kazi, kadi za harusi na ratiba za ligi ya kata, na kodi ya chumba ilikuwa inalipika.

Halafu akaja kijana mmoja kutoka Dar, akafungua steshenari ng'ambo ya barabara, uso kwa uso na chumba changu. Kompyuta yake ilikuwa nyeusi, mpya. Siku ya kwanza alivuka barabara kuja kunisalimia, akaizunguka mashine yangu kama mtu anayekagua mbuzi mgonjwa.

"Sista," akasema, "hiki kimeo bado kinapumua?"

Nilimkaribisha chai. Nilimwekea chumvi, lakini nilimkaribisha.

Tatizo ni kwamba mwaka ule walimu walikuwa wameanza kuvaa flashi shingoni, na kamba yake, kama waamuzi na filimbi zao. Mwalimu asiye na flashi alionekana bado yuko kwenye ubao na chaki. Walikuja kwangu na flashi zao, wakainama nyuma ya mashine kutafuta pa kuchomeka, hawapati, wananyooka na kuvuka barabara. Ukiacha CD, mashine yangu ilikubali disketi tu, na hata hizo nyingine ilizimeza ikakataa kuzirudisha mpaka nitumie kibano cha nyusi.

Ndipo mratibu wa elimu wa kata yetu akapita na habari. Mtihani wa majaribio wa darasa la saba ungechapwa hapo hapo mjini, shule zote za kata, na kila mwalimu mkuu angeleta maswali kwenye flashi. "Kazi nitampa mwenye mashine inayopokea flashi," alisema, akitazama ukuta ili asinitazame mimi. Kazi ile ndiyo ilikuwa ya kunivusha msimu. Bila hiyo, nilijiona tayari Naipingo, mgongo juu, ndoo mkononi.

Kununua kompyuta mpya lilikuwa jambo la kuota tu. Pesa niliyokuwa nayo ingenunua redio, na si redio kubwa. Lakini nilikuwa nimesikia kwamba Ruangwa kuna mwalimu wa fizikia, mtu wa Mbeya, ambaye hununua kompyuta zilizokufa kwenye minada ya maofisi na kuzichuna. Watu walisema tangu apangiwe Ruangwa aliapa kila mwaka kwamba anahama, na kila mwaka akaongeza banda la kuku. Nikamwomba mama korosho alizobangua mwenyewe na kuzikaanga, zile nyeupe nzima nzima zisizouzwa kwa kila mtu, nikapanda pikapu asubuhi.

Nilimkuta kwake, chumba kimejaa maboksi matupu, nyaya na vifaranga. Nikamwamkia, nikamweleza shida yangu, nikaweka korosho mezani, nikafungua mfuko. Bei sikuitaja. Nilimwuliza habari za Mbeya, baridi yake, ndizi zake, nikamwacha atafune. Watu wa kuhamia kwetu wakishaonja korosho za kukaangwa na mama zetu hawawezi kujizuia, na mimi nilijua. Mpaka tunafika kwenye bei alikuwa nusu ya mfuko, na mtu hawezi kukubana sana huku mdomo umejaa korosho zako.

Ganda la muwa la jana, chungu kaona kivuno. Kutoka kwenye mizoga ile alinitolea vipande viwili vya memori, diski kubwa kuliko yangu, na kadi ndogo yenye matundu mawili ya flashi ambayo ningeichomeka kwa ndani. Akanipa na CD yenye programu ya kuifundisha mashine yangu kwamba flashi ni kitu gani. Kila kitu alikijaribu mbele yangu kwa jenereta ya shule. Akanionyesha kwa mkono namna ya kuzipachika memori mpaka zilie ka! pande zote mbili.

"Lakini usiweke chochote kabla hujatoa vumbi," akasema. "Nachingwea nawajua. Humo ndani utakuta shamba. Vumbi likifunika memori, joto litaiua. Usifute na kitambaa, utalisukumia ndani. Pulizia. Upepo mkali, mkavu."

Memori nilizifunga kwenye pindo la khanga, pale mahali pa kufungia pesa, nikarudi nyumbani nikiwa nimelishika pindo lile njia nzima. Abiria mwenzangu alidhani nimeuza ufuta.

Upepo sasa. Fundi baiskeli wa jirani alikuja na pampu yake, akapampu mpaka jasho likamtoka, na mashine ikatoa kavumbi kama ka ugoro wa kunusa. Tulikuwa bado tunashangaa, pampu mkononi, ndipo mjomba akatokea. Alikuja mjini kununua petroli. Nikamwamkia, akaitika, akauliza mnafanya nini, nikamweleza.

"Upepo?" akasema. "Unahangaikia upepo, na mimi nipo?"

Mjomba alikuwa na mashine ya kupulizia salfa, ile ya injini inayobebwa mgongoni, yenye bomba refu. Ilikuwa moja tu kijijini kwake. Kila mwaka mikorosho ikitoa maua, watu walimfuata awapulizie, kwa sababu maua yasipopata salfa yanaliwa na ubwiri, ule ukungu mweupe kama unga, na mwaka huo hakuna korosho. Akipita na mashine ile mgongoni hata mwenyekiti wa kijiji alimpisha.

"Mjomba, si ni ya salfa ile?"

"Nitaimwaga. Salfa ikitoka, kinachobaki ni nini? Upepo."

Hapo sikuona kosa. Niliifunga sipiyu kwa khanga mbili na mpira wa baiskeli, nikaiweka kwenye keria ya baiskeli niliyoazima kwa fundi, nikaikokota hadi Naipingo. Monita niliiacha mjini, haikuwa na neno. Njiani bibi mmoja aliniuliza kama ninapeleka kasha la bi harusi. Nikamwambia ndiyo, akaniombea dua, na dua haikataliwi.

Tuliiweka juu ya kichanja cha kuanikia vyombo, kifuniko nimekitoa. Watu walijaa uani, kwa kuwa mjomba alikuwa ametangaza. Mke wa mjomba alikuwa pembeni na sufuria la ming'oko, vile viazi vya porini, anaichemshia wageni. Mjomba akatoka ndani amevaa mavazi kamili ya kazi: koti refu, miwani, khanga ya mkewe imezungushwa puani na mdomoni. Kwa kazi ya kupuliza boksi lisilozidi mto wa kulalia, alikuwa amejiandaa kwa shamba zima. Akavuta kamba, injini ikanguruma, akaelekeza bomba.

Na kusema haki, mwanzo ulikuwa mzuri sana. Lilitoka vumbi jekundu, wingu, la miaka yote. Ukatoka utando wa buibui. Akatoka mjusi, akasimama ukingoni, akatutazama, akaruka. Ikatoka hereni yangu niliyoitafuta tangu enzi za mradi. Kila kitu kilipotoka watu walishangilia, na mjusi alipigiwa vigelegele. Nikaona chuma kinang'aa. Nikapaza sauti, "Inatosha, mjomba!"

Vigelegele ndivyo vilivyotuponza. Mwanamume akishapigiwa vigelegele haambiwi inatosha. Mjomba akafungulia injini mpaka mwisho, bomba likatetemeka, na ile salfa iliyokuwa imeganda kwenye kiwiko cha bomba tangu msimu uliopita ikabanduka yote kwa pamoja.

Sikuona kompyuta tena. Sikuona kichanja. Dunia iligeuka njano. Watu walikimbia kila upande wakikohoa na kulia machozi, mbuzi akakata kamba, na mke wa mjomba alisikika ndani ya wingu akisema, "Ming'oko yangu! Jamani, ming'oko yangu!" Upepo ulipotulia, kompyuta yangu ilikuwa imekaa pale pale juu ya kichanja, imejaa njano mpaka kwenye pembe, na mjomba amesimama mbele yake, bomba chini.

Akaishusha khanga mdomoni.

"Ubwiri," akasema, "hautaigusa."

Hasira zilinipanda zote. Lakini mjomba hatukanwi. Nilitazama kulia na kushoto, kisha nikaigeukia ile mashine yake mgongoni kwake, nikaitukana yenyewe. Niliiambia haina adabu. Niliiambia haina macho, haina masikio, imezeeka vibaya, imezoea kusifiwa na washamba, na mtu akiiambia inatosha inajifanya kiziwi. Watu waliokuwa wanapangusa macho walisogea kusikiliza. Mjomba naye alisikiliza hadi mwisho, akitikisa kichwa kwa masikitiko.

"Kweli," akasema. "Ina tabia mbaya. Nimeishaiambia mara nyingi."

Nikampigia simu mwalimu wa Ruangwa. Akauliza, "Salfa? Salfa ya mikorosho?" Kisha akacheka mpaka salio langu likaisha. Baadaye ukaingia ujumbe: USIWASHE. INAWEZA KUSHIKA MOTO. TOA YOTE KWANZA.

Nilirudi mjini na mzigo wangu wa njano. Niliisafisha kwa brashi ndogo ya rangi na manyoya ya kuku, kichomeko kwa kichomeko, waya mwembamba kwa waya mnene, na kila nilipodhani nimemaliza nilipuliza kidogo kwa mdomo na kupiga chafya. Kijana wa ng'ambo alikuja mlangoni mara kwa mara kuuliza kama mgonjwa ameamka. Sikuwa na nguvu hata za kumchemshia chai. Nilikuwa naogopa. Pesa yote ilikuwa imekwenda Ruangwa, na kama mashine isingewaka sikuwa na kitu cha kumwonyesha mjomba isipokuwa hereni moja.

Nikapachika memori, zikalia ka! Nikafunga diski, nikachomeka ile kadi ya flashi. Nikaweka ndoo ya mchanga karibu, nikasoma Bismillahi, nikawasha.

Haikulipuka. Iliguna, ikaanza kuhesabu memori kama kawaida yake, namba zikapanda kwenye kioo, zikafika pale zilipozoea kukoma, zikapita. Zikaendelea kupanda. Nilipiga kelele iliyomtoa fundi baiskeli kwenye kibanda chake. Nilipomaliza ile programu ya mwalimu, nikaazima flashi ya mteja, nikaichomeka, na mashine ikaitambua bila kubisha. Ndani ya chumba kulikuwa na harufu ya kiberiti kilichowashwa sasa hivi, na harufu hiyo haikutoka tena. Kila mashine ilipopata moto, chumba kilinuka shamba la mikorosho wakati wa maua.

Mimi ningelifunika jambo lile na kunyamaza. Mjomba hakunyamaza. Kwenye chama cha msingi, msikitini baada ya swala, kilabuni ambako yeye hanywi ila hupita, alieleza kwamba kompyuta ziko nyingi, lakini iliyopuliziwa salfa ni moja tu Nachingwea nzima, na aliyeipulizia ni yeye. Na wakati ule ule, kwa bahati, flashi za walimu zilikuwa zimeanza kuambukizana virusi. Mashine nyeusi ya ng'ambo ilikuwa inapokea kila flashi bila kuuliza inatoka wapi, na mafaili ya watu yakaanza kujificha. Mwalimu anafungua barua yake, anakuta patupu.

Wakaanza kuvuka barabara kuja upande wangu. Wengine walikuja wakicheka, lakini walikuja. Walitoka Malolo, walitoka Narung'ombe, wakaegemeza baiskeli ukutani na kuuliza, "Ni hapa kwenye mashine ya salfa?" Ukweli ni kwamba mwalimu wa fizikia alinipa dawa ya virusi kwenye ile CD, na nilikagua kila flashi kabla ya kuifungua. Lakini mteja akiniuliza, "Dada, eti hii haishikwi na ugonjwa?" nilimjibu, "Imepuliziwa." Sikusema uongo. Ilikuwa imepuliziwa.

Mratibu naye akaja. Akasimama katikati ya chumba, akanusa, akapiga chafya, akatoa flashi shingoni. Nikaichomeka. Ikafunguka. Kazi akanipa. Mtihani niliuchapa mlango umefungwa, yeye amekaa kwenye kiti akilinda siri ya serikali na leso puani. Baadaye nilisikia kwamba siku ya hisabati darasa la saba lote lilipiga chafya kwenye karatasi. Watoto wa kwetu wamezoea salfa, hakuna aliyelalamika.

Kisha kazi ikapungua, kama inavyopungua shule zikifungwa, na korosho zikaanza kudondoka.

Mwaka ule mikorosho ilizaa. Ilizaa mpaka ikawa balaa kwangu, maana kila niliyemsalimia kutoka Naipingo alisema vibarua hawapatikani. Nilikuwa nimelipa kodi, nimenunua godoro, nimebakiza kidogo. Kwangu mimi, mashine ilikuwa inanilisha. Lakini kipimo hakikuwa changu, kilikuwa cha mjomba, na shibe ya mtu mwenye mikorosho inayodondosha si shibe ya mtu wa mjini. Niliandaa hotuba. Nilikuwa na maneno ya heshima kwa mwanzo na mengine ya akiba.

Akaja asubuhi, nina wateja wawili ndani. Nilimwona kutoka dirishani: baiskeli, na kwenye keria gunia kubwa limefungwa kamba. Gunia na kamba, nikasema, ndiyo mizigo yangu hiyo. Hotuba yote ilinipotea, ya heshima na ya akiba.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Wazima?"

"Wazima. Mjomba, umekuja kunichukua?"

"Nikuchukue nikupeleke wapi?" Alikuwa anafungua kamba. "Huoni una watu? Kawahudumie." Akalivua gunia, na ndani yake mlikuwa na mashine ya kupulizia, na kopo la salfa limefungwa kwa mfuko wa nailoni. "Mikorosho imemaliza. Hii nimekubakizia. Raundi ya pili."

Nikaruka nikasimama mlangoni, mikono huku na huku kwenye fremu. "Hapana, mjomba! Hapana!"

"Mtoto wewe, mti unapuliziwa raundi moja?"

"Hii si mti!"

"Najua si mti. Mimi si mjinga." Akaliweka kopo chini, taratibu. Salfa msimu ule watu waliigombania chamani, na majirani walikuwa tayari kumpa chochote kwa kopo kama lile. "Lakini umewahi kuniona napulizia kitu ninachotaka kukikata?"

Machozi yalinitoka, nikasingizia salfa, na kopo lenyewe lilikuwa bado limefungwa. Mjomba akatazama pembeni, akajishughulisha na kamba ya kuwashia injini. Hotuba sikuihitaji tena. Tulibishana kidogo, kwa ajili ya wateja, nikamruhusu kizingiti tu. Akakipulizia vizuri, pande zote mbili, na wale wateja wawili wakangoja barabarani mpaka vumbi lilipotulia.